Kurudi darasani ukubwani: elimu ya mazingira, kutoka Makina hadi mlango wa Sabaki

Kila ninapoandika habari za mikoko, za mchanga wa ufuoni au za moshi wa viwanda, hunijia swali lile lile kutoka kwa watu wa rika langu: haya mambo umeyasomea wapi, na je, mtu wa miaka arubaini na ushei bado aweza kuyasoma? Makala haya ni jibu lao. Niliyasomea Nairobi, nikiwa mkaazi wa Makina huko Kibera, nina watoto wa shule nyumbani na mume anayerudi kazini usiku, na alhamdulillahi nikatoka na diploma. Nitaeleza somo lenyewe ni lipi, milango ya kuingilia, yanayomkuta mtu mzima darasani, na kwa nini sisi watu wa Pwani tunalihitaji kuliko tunavyodhani.

Somo lenyewe ni lipi?

Sayansi ya mazingira ni mkusanyiko wa masomo kadhaa yanayotazama kitu kimoja. Ndani yake mna biolojia ya mimea na wadudu, kemia ya maji na udongo, jiografia, takwimu, na sheria. Mwenzake, ambaye vyuo vingi humfundisha bega kwa bega naye, ni usimamizi wa maeneo ya mashambani na maliasili: namna ya kutunza msitu, mto, malisho, mapito ya wanyama na ufuo, huku watu wakiendelea kuishi hapo na kupata riziki yao hapo.

Huko Uingereza somo hili la pili huhusu sana nyua za miti, vijia vya wapitaji na mashamba ya watu binafsi. Kwetu lina sura nyingine, kwa sababu sheria za Kenya zimewapa wenyeji nafasi ya kusimamia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile iliyoifuata mwaka 2016, zinatambua vyama vya jamii vya misitu. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilileta vyama vya watumiaji maji vya kila kijito. Kanuni za uvuvi za mwaka 2007 zilileta kamati za usimamizi wa fuo, zile ambazo wavuvi wetu huziita BMU. Vyombo hivi vyote vinahitaji mtu anayejua kusoma ramani, kuhesabu miche, kupima maji na kuandika mpango wa miaka kadhaa. Asipopatikana mwenyeji, huletwa mgeni, na mpango huwa wa mgeni.

Makina ni darasa tosha

Watu hushangaa nikisema nilisomea mazingira Kibera. Wao wanaona mabati na vumbi tu. Lakini jina lenyewe latokana na Kinubi, *kibra*, yaani msitu. Askari wa Kinubi wenye asili ya Sudan, waliotumikia jeshi la King's African Rifles, waliwekwa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 eneo lilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Makina ndiyo iliyobaki moyo wa Wanubi hao. Mwaka 2017 walikabidhiwa hati ya ekari 288. Kati ya tarakimu hizo mbili mna somo zima la matumizi ya ardhi: msitu uligeuka mashamba, mashamba yakageuka vyumba vya kupangisha, na mji ukaumeza ukingo wa mto.

Mtu wa Pwani akifika Makina hajihisi mgeni. Msikiti upo karibu, Kiswahili kinasemwa, na soko la Toi liko hatua chache. Mimi nilijifunza mengi kwa kukaa barazani na wazee wa hapo kabla hata ya kufungua kitabu. Bibi mmoja wa Kinubi aliniambia, "Mwanangu, hapa tulikuwa tukiteka maji ya kunywa." Alikuwa akionyesha upande wa mto ambao leo mtu hauvuki bila kuziba pua. Mwalimu wetu baadaye alitueleza kwamba maneno ya namna hiyo, yakikusanywa kutoka kwa wazee wengi na kulinganishwa, ni ushahidi wa kitaaluma wa hali ya mahali kabla ya vipimo kuanza.

Chini ya Kibera hupita mto Motoine, ambao mbele huitwa mto Ngong, na huingia katika Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953, na zamani watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga juu yake. Leo limejaa tope na magugu maji, na sehemu nyingine watu hulima. Kilichotokea ni rahisi kueleza. Maji machafu ya vyoo na taka hubeba naitrojeni na fosforasi, ambazo ni mbolea. Magugu hushiba na kuenea, hufunika uso wa maji na kuzuia mwanga. Yakifa huoza, na vijidudu vinavyoyaozesha hutumia oksijeni yote iliyoyeyuka majini. Samaki hukosa pumzi. Juu ya hayo, udongo wa mmomonyoko hutua chini na kujaza bwawa mwaka baada ya mwaka.

Tulifundishwa kupima haya kwa mikono yetu. Huhitaji maabara kubwa ili kuanza. Unachagua vituo vitatu: juu ya makaazi, katikati, na chini yake. Unapima joto la maji, uchachu wake, na oksijeni. Unateremsha kisahani cheusi na cheupe majini uone kinapotea kwenye kina gani; hicho ndicho kipimo cha utope. Kisha unageuza mawe na kuhesabu wadudu. Wako wadudu wasiovumilia uchafu hata kidogo, na wako minyoo myekundu inayostahimili maji yaliyokosa hewa. Ukikuta minyoo peke yake, mto umekwisha kukuambia hali yake kabla ya kemikali yoyote. Nilifanya kazi hiyo nimevaa buibui na gambuti, na vijana wa mtaani wakaacha mchezo wao kunitazama. Siku ya tatu wakawa ndio wanaonishikia chupa.

Maji ya Makina yaishia wapi?

Hapa ndipo nataka msomaji wa Malindi, Kilifi na Mombasa anisikilize vizuri. Mto Ngong huungana na mto Nairobi, na mto Nairobi huingia Athi. Athi hushuka ukavuka nyika, ukapita Tsavo, na huko huitwa Galana. Ukikaribia bahari jina lake ni Sabaki, nao humwaga maji yake kaskazini ya Malindi. Mto ni mmoja, majina ni mengi.

Kwa hiyo tope jekundu linalobadilisha rangi ya bahari ya Malindi wakati wa mvua halikuanzia Malindi. Sehemu kubwa ni udongo uliong'olewa katika mashamba ya bara yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto na katika vilima vilivyokatwa miti. Tope hilo hutua juu ya matumbawe, ambayo huhitaji mwanga ili yaishi, na mbuga ya bahari ya Malindi ambayo imelindwa tangu mwaka 1968 haina ukuta wa kulizuia. Visima vya Baricho vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na hadi Mombasa navyo viko kando ya mto huo huo. Maji yake huchujwa na mchanga wa chini ya ardhi, lakini mtu mwenye akili hangoji chujio lishindwe ndipo aulize kinachotiwa juu yake.

Mwanafunzi akishalifahamu jambo hili, huacha kusema "uchafu wa Kibera ni wa watu wa Kibera". Sheria nayo imeliona. Kanuni za Kenya zinataka ukingo wa mto uachwe wazi kwa mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, serikali iliamuru watu wa kingo za mito ya Nairobi wahame, na nyumba zikabomolewa. Kisayansi ukingo ni wa mto, hilo halina ubishi. Lakini mwenye kusoma usimamizi hufundishwa pia kuuliza: aliyebomolewa anakwenda wapi, na kwa nini jengo la ghorofa la mwenye uwezo limesalia kwenye ukingo huo huo? Kupima maji bila kuuliza maswali hayo ni nusu ya elimu.

Milango ya kuingilia

Mtu mzima ana njia kadhaa, na ni vyema azijue zote kabla ya kulipa hata shilingi.

Njia ya kwanza ni ngazi ya vyeti. Katika Kenya, digrii huhitaji wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, diploma ya vyuo vya ufundi huhitaji C-, na cheti cha ufundi huhitaji D. Aliyepata alama ndogo miaka ile ya tisini hajafungiwa. Huanza na cheti, akapanda diploma, na diploma nzuri ikamfikisha chuo kikuu, pengine akisamehewa baadhi ya masomo aliyokwisha kuyafanya. Ni ngazi ndefu lakini kila kidato chake kina karatasi yake mkononi.

Njia ya pili ni kufanya KCSE upya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Inamfaa zaidi yule ambaye hakumaliza sekondari, na pia yule ambaye biolojia, kemia au hesabu zilimwangusha.

Njia ya tatu ni masomo ya mbali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kimewasomesha watu wazima wengi wanaofanya kazi mchana na kusoma usiku. Kenya nayo ilipata Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023. Kwa somo la mazingira, hata hivyo, uliza mapema kuhusu kazi za nyanjani na maabara. Nadharia utaisoma kwa simu kitandani, lakini mikoko haihesabiwi kwa simu.

Njia ya nne ni vyuo maalumu. Chuo cha Misitu cha Londiani kipo tangu mwaka 1957, na chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, tangu mwaka 1963. Kwa anayetaka kubaki Pwani, Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi kipo Mombasa, na Taita Taveta ina chuo kikuu chake.

Ya tano ni kutambuliwa kwa ujuzi ulio nao. Mfumo wa vyeti wa Kenya sasa unakubali kwamba mtu aliyefanya kazi miaka mingi bila cheti aweza kupimwa na kupewa cheti. Mvuvi aliyepanda matumbawe au mama aliyeotesha miche ya mikoko kwa miaka kumi ana elimu kichwani. Aende aulize apimwe vipi.

Yanayomkuta mtu mzima

La kwanza ni haya. Nilipokwenda kuchukua fomu katika chuo kimoja, karani aliniuliza, "Mama, mtoto wako yuko wapi?" Nikamjibu kwamba mtoto ni mimi. Alicheka, nami nikacheka, na fomu nikapata. Mzee Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Sisi wa arubaini tunaona haya ya nini?

La pili ni kemia na hesabu. Usijidanganye kwamba mazingira ni kupanda miti na kuokota taka. Utakutana na molekuli, na mizani ya uchachu, na wastani na mkengeuko. Dawa yake niliyoiona mimi ni kusoma na kijana. Katika kundi letu la watu wanne nilikuwa mkubwa kwa wote. Mmoja wao, rika la mpwa wangu, alinifundisha takwimu, nami nikamsaidia kuandika ripoti na kuongea na wazee. Kila mmoja alipata alichokosa.

La tatu ni lugha. Vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza. Nilikuwa na daftari la maneno: kila istilahi nikaiandika kwa Kiswahili changu na mfano wa kwetu. Neno likishapata mfano wa Tudor au wa Gongoni halitoki tena kichwani.

La nne ni wakati na pesa. Nilikuwa nikisoma baada ya swala ya alfajiri, kabla ya nyumba kuamka, kwa sababu usiku Makina ina kelele na umeme huenda na kurudi. Karo ililipwa kwa chama cha akina mama na kwa vibarua. Bodi ya HELB hukopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia, kwa hiyo uliza. Asiyetaka mkopo wenye riba kwa sababu ya dini yake na afanye hesabu ya kulipa muhula kwa muhula, hata kama atachelewa mwaka mmoja.

Faida nazo zipo. Mtu mzima hupajua mahali. Anajua mvua za mwaka gani zilivunja daraja, na anajua nani mtaani husikilizwa. Mikutano ya wananchi inayowatisha vijana kwake ni kama arusi.

Kazi ipo?

Nitasema kweli. Ajira ya serikali ni chache na foleni ni ndefu, na vijana wenye digrii wamo ndani yake. Diploma haitakupa utajiri wa haraka. Inachokupa ni nafasi katika kaunti, katika idara za misitu, maji na wanyamapori, katika miradi ya mashirika, na katika timu zinazoandika tathmini za athari za mazingira, ambazo kanuni zake ni za mwaka 2003. Wengine hujiajiri: vitalu vya miche, ukusanyaji wa taka zilizotenganishwa, mbolea ya mabaki. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na kazi hiyo haijapata watu wa kutosha.

Pwani inatudai

Ningekuwa nimesoma kwa ajili ya mshahara peke yake, makala haya yangeishia hapo. Lakini tazama yaliyotupata.

Lamu ilitakiwa kujengewa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. Leseni ya mazingira ikatolewa mwaka 2016. Watu wa Lamu walikwenda mbele ya mahakama maalumu ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, kubwa likiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ripoti za namna hiyo huwa na mamia ya kurasa za Kiingereza cha kitaalamu. Ni lazima awepo mtu wa kuzisoma, kuuliza maswali na kuyaeleza barazani kwa lugha ya watu. Na muda haungoji: anayepinga leseni ana siku 60 za kukata rufaa.

Owino Uhuru, hapa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza madini ya risasi mtaani. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho na ambaye mtoto wake alidhurika, aliongoza mapambano. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ile ilitegemea vipimo vya damu na udongo. Kilio peke yake kisingetosha.

Na yako mema. Gazi, kule Kwale, wenyeji kupitia Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko tangu mwaka 2013 na kuuza hifadhi ya hewa ya ukaa, na fedha zikaingia katika maji na shule. Bamburi, machimbo makavu ya mawe ya saruji yaligeuzwa msitu kwa kuanza na mivinje mwaka 1971. Pemba, kisiwa cha Misali kilifanywa hifadhi mwaka 1998, na masheikh wakawa wanawafundisha wavuvi utunzaji kwa kurudi kwenye mafunzo ya dini: kwamba mwanadamu ni mwangalizi tu, na kwamba israfu imekatazwa hata kwa anayetawadha mtoni. Jambo hilo lilinigusa, maana lilionyesha kwamba elimu ya madrasa na elimu ya maabara zaweza kukaa jamvi moja.

Kwa anayetaka kuanza

Kabla ya kulipa, hakikisha chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe imeidhinishwa. Ni mambo mawili tofauti. Uliza mafunzo ya nyanjani ni ya wiki ngapi na nani hulipia nauli. Waulize waliomaliza wako wapi leo. Chagua swali la utafiti linalotoka mtaani kwako, kwa sababu utakuwa nalo miezi mingi. Jiunge na BMU, chama cha msitu au chama cha mto hata kabla ya muhula kufunguliwa. Hapo utaona kama kazi hii unaipenda. Na nyumbani, zungumza na mwenzako na watoto mapema kuhusu saa zako za kusoma, ili zisiwe ugomvi.

Vyuo vingi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Chagua mwezi wako, inshallah, na uanze kutafuta kile cheti cha zamani kilichoko ndani ya sanduku.